Mashati Kumi na Moja ya Starlight

"Mama, hii fomu ni maswali ya uaminifu tu, mwanzo hadi mwisho," binti yangu alisema, akaigeuza ili niione.

Tulikuwa Integrity Centre, pale Valley Road inapokutana na barabara ambayo sisi wa rika langu bado tunaiita Milimani Road, ingawa tangu 2015 jina lake ni Jakaya Kikwete. Kila anayetafuta kazi ya serikali anaijua hiyo ziara. Unazunguka na bahasha, cheti cha polisi, karatasi ya HELB ya mikopo ya wanafunzi, ya KRA ya kodi, halafu hii ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Binti yangu alikuwa amebakiza hii moja, nami nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na shughuli zangu upande wa Upper Hill.

Nikaisoma ile fomu. Kisha nikatazama chini, kwenye sakafu.

"Hapa nimewahi kusimama usiku kucha," nikamwambia.

"Kwa foleni?"

"Kwa muziki. Kabla ya jengo hili, hapa palikuwa na klabu. Starlight."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mamake aliwahi kuwa rubani. Akauliza palikuwaje, nani walipiga, picha ziko wapi. Nikaanza kumjibu, na katikati ya jibu nikanyamaza, kwa sababu fomu ilikuwa bado mkononi mwangu na kuna jambo lilikuwa limenijia ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka mingi. Jina lake likaitwa, akaenda dirishani.

Hiyo ni wiki 7 zilizopita. Tangu hapo silali vizuri.

Daftari

Nilikuwa fundi wa nguo. Nilianza mwaka 1979, nikiwa na miaka 19, kwa shangazi yangu aliyekuwa na chumba kimoja River Road, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la redio. Tulikuwa na cherehani 3, meza ndefu ya kukatia, na kioo kilichopasuka pembeni. Ukutani palikuwa na kibao alichokiandika Shangazi kwa rangi nyekundu: NGUO ISIYOCHUKULIWA BAADA YA MIEZI 3 ITAUZWA.

Kikumbukeni hicho kibao.

Wateja wa Shangazi walikuwa wanamuziki. Enzi hizo bendi isiyo na sare haikupanda jukwaani, na Nairobi ilikuwa imejaa bendi. Wakongo walikuwa wameingia kwa wingi, wakati huo tukiwaita Wazaire: Super Mazembe, Baba Gaston na watu wake, Les Mangelepa waliojitenga naye mwaka 1976. Watanzania walikuwa na Simba Wanyika ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, na mwaka 1978 wengine wakatoka humo wakaunda Les Wanyika. Wenyeji nao walikuwepo, wa benga na wa soul. Kila mmoja wao alihitaji suruali.

Shangazi alikuwa na kanuni moja ya kupima mwanamuziki: usimpime amesimama kama askari gwarideni. Mwambie ashike chombo chake.

Kwa hiyo walipanda ngazi zetu na magitaa yao. Mpiga rithim alivaa mkanda wa gitaa begani, na hapo ndipo unaona kwamba bega la kushoto linashuka na kola inakimbilia upande mmoja. Ukimshonea shati la kawaida, baada ya nyimbo mbili anaonekana kama amevalishwa na mtu mwingine. Mpiga saksafoni alipimwa kifua mara mbili, akiwa amevuta pumzi na akiwa ameitoa. Mpiga ngoma aliongezewa kipande cha kitambaa mapajani, na mikono yake ikakatwa mifupi. Mwimbaji aliongezewa inchi 2 chini ya shati, maana atainua mikono, na shati likichomoka kwenye suruali mbele ya watu, aibu ni ya fundi.

Mimi ndiye niliyeandika. Daftari lile ninalo hadi leo, la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu. Majina yao yalikuwa marefu, na wengine walikuwa na la nyumbani na la jukwaani, basi niliandika kama walivyojitambulisha wenyewe: Solo. Rithim. Besi. Ngoma. Saksi 1. Saksi 2.

*Rithim: bega 18, kushoto shusha nusu. Saksi 2: kifua 35/38, shingo 14 na nusu, kiuno 28.*

Kijani kilichogeuka cheusi

Mara ya kwanza kufika Starlight nilipeleka mzigo. Bendi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu mtaona mbele, ilikuwa imeagiza mashati ya kijani, na tulikuwa tumechelewa. Shangazi akaniweka kwenye teksi na furushi mapajani. Tukapita Uhuru Park, tukapita All Saints Cathedral, tukapanda.

Nilipitishwa mlango wa kando. Walikuwa wakibadilisha nguo kwenye kichumba chembamba, watu 11, kila kiwiko kikigonga ubavu wa mwenzake. Kishikizo cha Saksi 2 kikakatika. Nikakishona shati likiwa mwilini, yeye ameshikilia pumzi, nami nikikata uzi kwa meno karibu na koo lake. Alikuwa kijana mwembamba wa rika langu. Akasema, "Muzuri, yaya," kwa Kiswahili chake kile cha Lubumbashi, ambako yaya ni dada, kisha wakatoka wote kwa mstari.

Nikabaki nyuma ya pazia kuangalia kazi yetu.

Taa nyekundu zikawaka, na yale mashati ya kijani, kijani kibichi cha majani ya mgomba tulichokichagua Biashara Street mchana kweupe, yakawa meusi. Meusi tititi. Watu 11 walisimama jukwaani kama waliotoka kuzika.

Kesho yake kiongozi wa bendi alipanda ngazi, nami nikajificha nyuma ya jora la kitambaa. Hakugomba. Alisema tu, "Mama Fundi, umetuvika matanga." Shangazi aliumia sana. Mchana huohuo alinunua balbu nyekundu na ya bluu, akazifunga kwenye chumba chetu, na tangu siku hiyo hakuna kitambaa kilichokatwa kabla ya kupitishwa chini ya balbu. Ndivyo tulivyogundua kwamba rangi ya maziwa inapokea kila taa inayoangukia. Ukiwasha nyekundu, inakuwa waridi. Ukiwasha bluu, inakuwa kama maji.

Kilichokuwa kikitokea pale

Nimejaribu kumweleza binti yangu na nimeshindwa mara kadhaa, basi nijaribu tena hapa.

Nyumbani muziki wetu ulikuwa wa santuri ndogo, zile za 45. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ni mashairi, mwendo wa taratibu, mtu analalamika kuhusu mapenzi au fedha. Magitaa yanapoanza tu kuchangamka, sauti inafifia, unasikia sindano ikikwaruza. Unainuka, unageuza santuri, ndipo unaipata sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea.

Starlight hapakuwa na kugeuza. Pale mashairi yalipokwisha, Ngoma alibadilisha mkono, akaingia kwenye ule mpigo wa haraka usiokoma, Rithim akashika kamba chache akizirudia zilezile, na Solo akaanza kupanda juu yao kidogo kidogo. Wimbo uliokuwa wa dakika tatu redioni ulikwenda dakika ishirini. Waliokuwa wamekaa waliinuka bila kuamua kuinuka. Nilimwona mzee mmoja wa heshima, wa tai na miwani, akiweka glasi yake sakafuni kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto, kisha akaingia katikati.

Nikiwa nyuma ya pazia niliona kitu ambacho wachezaji hawakukiona. Niliona migongo. Shati la Rithim lilikuwa linalowa kuanzia kwenye mkanda wa gitaa, doa likishuka polepole upande wa kushoto, na yeye hakusogea hata hatua. Wenzake wote walikuwa wakiruka. Yeye alisimama kama nguzo, mkono wa kulia tu ndio ukitembea, kwa sababu akipotea yeye wote wanaanguka. Kuanzia usiku huo, Rithim ndiye mtu niliyekuwa nikimtazama katika kila bendi.

Nilirudi mara nyingi. Kabla ya wakati wangu walishapita akina Ashantis na Air Fiesta Matata, na kulikuwa na dada mmoja ploti kwetu aliyesimulia Jumapili za mchana za bugi kama mtu anavyosimulia harusi yake. Mimi niliwahi zamu ya Wakongo. Samba Mapangala alipounda Virunga mwaka 1981, mji ulibadilika mwendo. Walipokuwa Starlight, ilibidi ufike mapema.

Kuna rafiki yangu wa siku hizo, sasa tuko naye chama kimoja, aliyeniambia juzi kwamba baadhi ya ninayoyakumbuka yalikuwa Garden Square, pale karibu na KICC. Tulibishana kwa saa nzima. Huenda kuna usiku au miwili nimeichanganya. Lakini pazia lile nalijua, na yale mashati meusi nayajua.

Agosti

Mwaka 1982 tuliamka Jumapili tarehe 1 Agosti tukasikia redioni kwamba serikali imepinduliwa. Kufikia mchana ilikuwa imerudi. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Sisi tulifika River Road siku kadhaa baadaye. Kufuli lilikuwa limekatwa. Jora 4 hazikuwepo, cherehani 1 haikuwepo, ya pili ilikuwa imeangushwa ngazini ikavunjika gurudumu. Kioo chetu kibovu hawakukigusa. Shangazi alikaa kwenye ngazi na hakusema neno.

Mji ulikuwa na kafyu kuanzia magharibi. Hebu fikirini maana yake kwa mtu anayekula kwa kupiga muziki usiku. Mlangoni ndiko bendi ilikopata fedha yake, mwenye klabu akila kwa bia, na sasa hapakuwa na mlango wala bia. Wanaume 11 walikuwa nyumbani na wake zao, kodi ikisubiri.

Basi siku hiyo Saksi 2 na Besi walipanda ngazi zetu. Walikuwa wamesikia. Waliibeba ile cherehani iliyovunjika hadi kwa fundi chuma Kirinyaga Road, kwa miguu, wakaisubiri, wakairudisha. Saksi 2 kisha akatoa mfukoni salio la oda ya zamani, shilingi 40 na kitu, nyingi zikiwa sarafu, akaziweka mezani.

"Mama Fundi, ni kidogo."

Shangazi alikataa kuzipokea. Yeye akakataa kuzichukua. Sarafu zikakaa mezani wiki nzima, tukikata nguo kuzizunguka.

Mashati ya rangi ya maziwa

Ukurasa wa mwisho wa bendi ile kwenye daftari ni wa Machi 1985. Mashati 11, rangi ya maziwa, kola ndogo, mfuko mmoja. Arbuni shilingi 600. Salio shilingi 500.

Hakuna aliyekuja kuyachukua.

Habari zilitufikia kwa wateja wengine. Vibali vya kazi vya wanamuziki wa nje vilikuwa vimeanza kuwa shida, bendi moja baada ya nyingine ikivunjika au kuhama. Ile yetu vibali vyao havikuongezwa. Waliondoka kwa mpaka wa Namanga na vyombo nusu, maana vingine vilikuwa vya mwenye bendi.

Nataka niseme ukweli kuhusu yaliyosemwa siku hizo, kwa kuwa leo kila mtu anazungumza kama aliyelia. Hatukulia. Kwenye matatu niliwasikia watu wakisema afadhali, wametujazia kumbi, vijana wetu wapate nafasi. Wateja wetu wa Kenya, wanamuziki wazuri, walisema hivyohivyo wakiwa wamesimama mbele ya kioo chetu, nami nikiwa na pini mdomoni. Nilitikisa kichwa kukubali. Niliamini jukwaani kuna viti kadhaa, akitoka huyu atakaa yule.

Baadhi yao walikaa, miezi michache. Kisha wenye klabu wakapiga hesabu. Bendi ni watu kumi na zaidi, nauli, chakula, mvutano wa mgao. Disko ni kijana mmoja na santuri zake. Kanda za kunakili zilikuwa zimezagaa River Road kote, chini kabisa ya dirisha letu, na aliyerekodi wimbo hapati kitu. Oda za sare zilianza kukatika. Mwaka 1983 tulishona seti 14. Mwaka 1986, seti 2. Nimezihesabu wiki hizi kwenye daftari, nikazihesabu tena.

Lakini nilikuwa kwenye mashati.

Mwezi Mei 1985, Shangazi alisafiri nyumbani kwa matanga, akaniachia duka. Kodi ilikuwa imefika, nami sikuwa nayo yote. Mashati 11 yalikuwa yananing'inia nyuma ya mlango kwenye karatasi ya nailoni. Nilitazama kibao cha Shangazi. Miezi 3. Nikahesabu: wiki 9.

Niliyapeleka soko la Gikomba. Nilipata shilingi 35 kwa kila moja. Nikalipa kodi, na Shangazi aliporudi nikamwambia muda ulikuwa umepita. Alikuwa na huzuni ya msiba, hakuhesabu.

Ningeishia hapo pengine ningelala.

Baada ya wiki 2 hivi, mwanamke alipanda ngazi na mtoto mgongoni. Alikuwa na risiti yetu, imekunjwa mara nne. Mumewe alikuwa Rithim. Yeye alibaki Nairobi kwa sababu ya mtoto, na Rithim alimtumia ujumbe na dereva wa lori: wamepata mkataba Arusha, wanahitaji sare, achukue mashati, ampe dereva. Alikuwa na shilingi 500 za salio. Zote. Alizitoa kabla sijasema chochote.

Kuanzia Machi hadi siku ile ilikuwa haijafika miezi 3. Risiti ilikuwa na tarehe. Ilikuwa mkononi mwake.

Nikamwambia, "Mama, muda umepita. Soma kibao."

Alikisoma. Nadhani hakuwa na uhakika na tarehe, au alikuwa na uhakika na hakuwa na nguvu. Alikunja zile fedha pamoja na risiti, akazifunga kwenye pindo la leso. Hakudai ile arbuni. Akaniaga vizuri, akashuka ngazi akijishika ukutani kwa sababu ya mtoto.

Sijawahi kumwambia mtu. Shangazi alifariki mwaka 2003 bila kujua.

Kenyatta Market

Baada ya siku ile ya fomu nilitoa daftari kwenye sanduku. Nilidhani nikiliona nitatulia. Badala yake nilianza kusoma vile vipimo usiku, kimojakimoja, na kila nikifika *bega 18, kushoto shusha nusu*, naona lile doa la jasho likishuka.

Nikajiuliza ninachotaka ni nini. Kusamehewa? Na nani? Nilijiambia kwamba shilingi 600 za mwaka 1985 ni jambo dogo, watu wameiba mashamba. Nilijiambia kwamba kodi ingetushinda. Yote ni kweli, na hayakunisaidia.

Mwishowe nilikwenda Kenyatta Market, upande wa wauza santuri, katikati ya moshi wa nyama choma na mabanda ya wasusi. Nilimtajia muuzaji mmoja jina la bendi. Hakusita. Alichomoa santuri yao ya 45 kwenye safu kama mtu anayechomoa kadi ya hospitali, akaipangusa, akaiweka kwenye mashine. Upande wa kwanza, mashairi. Nikawa sawa. Akaigeuza.

Mpigo wa kwanza wa gitaa la rithim ulipoingia, ilinibidi nishike meza.

Muuzaji akazima. Akanipa kiti. Akaniuliza kama nilikuwa na ndugu kwenye bendi ile, nikamwambia nilikuwa nawashonea. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kuna mmoja alirudi. Mzee wa saksafoni. Hupiga Jumapili mchana, huko Eastlands."

Jumapili

Nilikwenda na binti yangu. Njiani nilimweleza kila kitu, ndani ya matatu, kwa sauti ya chini. Hakusema lolote. Alinishika mkono tu hadi tukashuka.

Ni baa ya kawaida, mabati na viti vya plastiki. Bendi ni wazee 4 na kijana mmoja wa kinanda. Kila mmoja alikuwa na shati lake: la maua, la mistari, la kampeni. Nilimtambua kwa shingo. Shingo ya mpiga saksafoni haibadiliki, ina alama ya mkanda nyuma.

Walipopumzika nilimfuata. Nilimwamkia, nikamtajia Shangazi. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mama Fundi," akasema. "Balbu nyekundu."

"Mimi ni mtoto wake. Niliandika vipimo."

"Yaya! Ulinikata uzi kwa meno."

Nikamwambia kabla furaha haijaninyima ujasiri. Nilimwambia wiki 9, nikamwambia Gikomba, nikamwambia mke wa Rithim na risiti. Alisikiliza akiwa amelaza saksafoni mapajani, akiibonyeza vidude vyake bila sauti.

"Tulipiga Arusha na mashati ya kuazima," akasema hatimaye. "Kila mtu na lake. Kiongozi aliona haya sana usiku ule." Kisha, baada ya kimya: "Ile arbuni walitukata kwenye mgao. Shilingi hamsini na kitu kila mtu."

Nilikuwa nimeweka shilingi 6,000 kwenye bahasha. Nikampa. Alizitoa noti, akazipanga kwenye paja, akachukua noti ya 500, akarudisha nyingine kwenye bahasha, akanirudishia.

"Mimi ni mmoja," akasema. "Tulikuwa kumi na moja."

Nikamuuliza Rithim yuko wapi. Alifariki Dar es Salaam. Mkewe? Alimfuata huko, na habari zake ziliishia hapo. Nikakaa na bahasha yangu mkononi.

Ndipo akaniuliza kama daftari bado liko. Lilikuwa kwenye mkoba. Nililitoa, akaligusa jalada lakini hakulifungua. "Macho yangu ni mabaya," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea. Nilianza juu.

"Solo. Bega 17, kifua 38, mkono 24."

"Huyo alibaki Lusaka. Alikuwa anapenda suruali za kubana."

"Ngoma. Bega 19, mkono mfupi, paja ongeza."

"Amekufa. Sukari."

"Besi. Bega 18 na nusu, kifua 40."

"Amekufa. Yule tulibeba naye cherehani. Ilikuwa nzito ile."

"Rithim," nikasema, na sauti ikanikatika. Binti yangu akalichukua daftari akaendelea. "Bega 18. Kushoto shusha nusu."

Mzee alifumba macho. Aliinua mkono wa kulia, akautikisa polepole hewani, juu chini, juu chini, kwa ule mwendo wa kurudia kamba zilezile. Kijana wa kinanda akageuka kututazama.

Tukaenda hivyo jina kwa jina, yaani chombo kwa chombo. Saba wamekufa. Wawili hana habari zao. Mmoja yuko Lusaka.

"Saksi 2," binti yangu akasoma. "Kifua 35 na 38. Shingo 14 na nusu. Kiuno 28."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akamkabidhi kijana saksafoni, akabadili mawazo, akaichukua tena. Akavaa mkanda shingoni. Akasimama katikati ya viti vya plastiki, mgongo wima, mikono imeachana kidogo na ubavu, kama tulivyokuwa tukiwafundisha wote ghorofa ya kwanza River Road, na akavuta pumzi akaishikilia.

Nilikuwa na utepe kwenye mkoba. Huwa ninao. Nikampitishia kifuani.